Alhamisi za Vichwa Vilivyolowa

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wetu, binti ambaye ningeweza kumzaa, amenipima presha leo akaguna. "Mzee wangu, hapa muuguzi ni nani na mgonjwa ni nani?" Amesema nipunguze chumvi, nipunguze tumbo, na kila nikisikia hamu ya kugombana na mtu nichukue kalamu niandike. Mke wangu amefurahi kuliko mimi. Anasema sasa daftari nalo lichoke, masikio yake yapumzike. Basi, ndiyo haya.

Kituo chetu cha mapokezi kilikuwa kiwanda cha nguo. Mashine zilishauzwa, wamebaki watu: familia zilizovuka mpaka kuomba hifadhi, zinazolala kwenye mabweni yaliyogawanywa kwa mablanketi yaliyotundikwa kwenye kamba. Zahanati yangu ni chumba alichokuwa akikaa mhasibu. Kila Alhamisi linakuja basi kuchukua waliopangiwa mahojiano kwenye ofisi ya mjini. Kabla hawajapanda, namulika paji la uso la kila mtoto kwa kipimajoto. Mwenye homa hapandi, na familia yake yote inabaki naye, kwa sababu ofisi haisikilizi nusu familia. Tarehe ikishapotea unarudi mkiani mwa foleni, na foleni yenyewe watu wanaizeekea.

Kwa hiyo siku sita mimi ni muuguzi. Alhamisi ni kizuizi cha barabarani.

Mvua imeanza.

Alhamisi, 6 Machi

Aliyebuni hiki kipimajoto nadhani hana mtoto. Kina umbo la bastola, kina mpaka kitufe cha kubonyeza kwa kidole. Leo mvulana mmoja alipoona namwelekezea usoni akaingia chini ya benchi. Hakulia. Aliingia kimya, upesi, kama mtu anayeijua kazi hiyo. Sijui nilipata wapi akili, nikakisukuma kile kidude mpaka pale chini nikamwambia, "Haya, nipige wewe kwanza."

Akanilenga. Akabonyeza, kikalia ti! Nikaanguka chini mzimamzima, na mimi si mtu wa kuanguka mara mbili kwa siku. Foleni nzima ikacheka, na akina mama wakacheka. Kufa kulikuwa rahisi, kufufuka ndiko kulikohitaji Dereva wa ambulensi anivute mikono, akilalamika kuwa mkataba wake hautaji kubeba mizigo.

Watoto wote walitaka kuniua baada ya hapo. Walifika wamelowa chapachapa kwa mvua, nikawafuta kwa taulo, nikawapima. Hakuna mwenye homa.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Magoti.

Jumanne, 11 Machi

Akina mama wanakuja kuomba dawa ya maji ya homa, "ya akiba tu, Mjomba." Nawapa. Watoto ni wengi, mabweni yana unyevu, na mimi siwezi kukaa kila mahali. Kila chupa naitoa na utani wake.

Miongoni mwao kuna mmoja asiyeutaka utani wangu. Ana kichanga mgongoni na binti wa kama miaka sita ambaye nimempa jina la Bi Mkubwa, kwa jinsi anavyotembea mikono nyuma akikagua rafu zangu. Mama mtu alipokea chupa, akasoma maandishi yake mbele na nyuma, akauliza, "Inafanya kazi baada ya muda gani?"

"Nusu saa hivi. Una haraka?"

"Nauliza tu."

Mkavu kama karatasi. Nilimwambia Dereva kwamba mama huyu akicheka siku moja, nitamnunulia soda.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua, foleni, hakuna mwenye homa. Nimekufa mara nyingi.

Bi Mkubwa hakuwa msafiri leo, alikuja kutazama. Nilipoanguka, alipenya kati ya wenzake, akainama juu yangu, kidevu kimegusa kifua, akanichunguza vizuri. Kisha akaushika mkono wangu akaunyoosha.

"Aliyekufa haukunji hivi," alisema. "Unakuwa hivi."

Wenzake wakacheka. Mimi nilikaa pale sakafuni kidogo zaidi ya kawaida.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu amesoma daftari. Anasema sijaandika chochote kuhusu kupunguza chumvi.

Jumatano, 19 Machi

Leo naandika nisije nikapiga mtu. Mlinzi wa lango tunamwita Kufuli, na jina limemkaa. Mtoto alijikata na bati, nyama iko nje, ambulensi inanguruma, na Kufuli amesimama mbele ya lango anataka karatasi ya ruhusa yenye saini ya Mkuu wa kituo. Mkuu yuko kwenye kikao.

"Kufuli, mtoto anavuja damu!"

"Namwona, Mzee. Lete saini."

"Ungekuwa wako?"

"Wangu hawakai hapa. Akitoka mtu bila karatasi, anayetoka kesho ni mimi."

Nikakimbia, yaani nilitembea kwa hasira, mpaka kwenye kikao. Saini ikapatikana, mtoto akashonwa. Lakini yule mtu ana jiwe mahali wengine wana moyo.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kubwa. Hakuna mwenye homa, tena. Mkuu amenisifu mbele ya watu: tangu mvua zianze hakuna familia iliyoshushwa basi kwa ugonjwa. Nilitembea kifua mbele mchana kutwa, yaani tumbo mbele. Msimu kama huu, mabweni kama haya, na watoto wazima namna hii! Nikajiambia labda kazi ninaijua.

Jumanne, 25 Machi

Mama yake Bi Mkubwa amerudi kuomba dawa. Alhamisi hii ndiyo zamu yao ya mahojiano, wameingoja tangu mvua za mwaka jana.

"Mara hii ya nani?"

"Ya huyu mdogo."

"Nimwone."

"Amelala, Mjomba. Nikimwamsha utamlea wewe."

Nikacheka, nikatoa chupa. Nikajisifu kwamba hatimaye amenitania. (Nyongeza ya baadaye: ndiyo, niliiandika jioni ile kama ushindi, na ninaiacha hapa ilivyo ili inichome vizuri.)

Alhamisi, 27 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali ya mjini.

Asubuhi jua lilitoka. Jua kamili, la kwanza mwezi huu, sakafu ya uwanja ikifuka mvuke. Nilitoka na kipimajoto changu nikiimba. Watoto walikuwa wamepanga foleni, viatu vimepigwa rangi, na vichwa vyote vimelowa.

Nikatania. "Leo mmeoga wote, mnakwenda kuposa?"

Hakuna aliyecheka. Maji yalikuwa yakiwatiririka shingoni. Nikampima wa kwanza: mzima. Wa pili: mzima. Nikafika kwa Bi Mkubwa. Amevaa gauni la kola, amesimama wima kama askari wa gwaride, mkono wa mama yake uko begani. Paji la uso baridi. Mzima.

Nikampa kipimajoto, zamu yake ya kuniua. Hakukishika. Mvulana wa nyuma yake akakinyakua, ti!, nikaanguka.

Wote wakainama kunitazama, ilivyo desturi yetu sasa. Nilikuwa chali, jua machoni, duara la vichwa vilivyolowa juu yangu vikinidondoshea maji. Kimoja tu hakikuinama. Bi Mkubwa, mkaguzi wangu wa maiti, alikuwa akitazama mbele. Alijaribu kunitazama kwa macho peke yake, macho yakateremka, shingo ikabaki pale pale.

Sikumbuki nilivyoamka. Dereva anasema hakunivuta.

"Binti, nionyeshe vifungo vya gauni lako," nilimwambia. Kidevu kikashuka kidogo, akatoa sauti ambayo sitaki kuiandika. Nikatia kipimajoto cha zamani kwapani, kile cha kioo. Kilipanda mpaka nikadhani kimeharibika: arobaini na zaidi. Paji la uso baridi, kwapa linawaka moto.

Nikamtazama mama yake. Akanitazama bila kupepesa.

"Ni uchovu," alisema. "Amelala sakafuni, shingo imekaza. Mjomba, tafadhali. Basi hili."

"Umempa dawa lini?"

Akaukaza mkono begani mwa mtoto.

"Mama, sikuulizi ili nikushike. Lini?"

"Alfajiri. Halafu nikammwagia maji." Akageukia foleni. "Sote tunafanya hivyo. Dawa umetupa mwenyewe."

Nilitazama foleni. Mama mmoja baada ya mwingine akatazama viatu vyake. Wiki zote zile nilikuwa nikiwafuta maji, nikidhani ni mvua.

Niliahirisha aibu, haikuwa na nafasi. Nilimpigia daktari, siku hizi huwa yuko hospitali hii. Hakusalimia. "Shingo? Homa? Ni homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitike vinginevyo. Choma sindano sasa hivi, halafu mlete. Mzee wangu, usisubiri chochote."

Nikachoma. Dereva akawasha gari. Mama akapanda na kichanga mgongoni, huku basi likijazwa mbele ya macho yake. Tukafika langoni. Kufuli.

Mkuu alikuwa amesafiri, simu imezimwa. Nilishuka nikiwa tayari kufanya jambo ambalo presha yangu isingelisamehe.

"Hana karatasi," nilisema. "Na sitakwenda kutafuta karatasi."

Kufuli alichungulia dirishani. Alikaa akichungulia. Kisha akafungua orodha ya wasafiri wa basi, akatembeza kidole.

"Huyu jina lake limo. Ruhusa ya kutoka leo anayo, na mama yake, na mdogo."

"Ya kutoka kwa basi."

"Mimi nimeambiwa watatoka. Sikuambiwa gari lina siti ngapi." Akaandika kitu, akafungua lango mabawa yote mawili, akampigia Dereva saluti. "Basi la pili, pita!"

Nimemwandika vibaya yule mtu. Nitafuta siku nyingine, leo kifutio kiko mbali.

Tulilipita basi la kwanza kwa pembeni, likafuata nyuma yetu. Tukafika kwenye daraja la chini, tukasimama. Jua linawaka, lakini mvua za jana huko juu ndiyo zilikuwa zinafika: maji ya rangi ya chai yanapita juu ya daraja. Ambulensi yetu ni gari la chini, tumbo lake liko karibu na lami. Dereva alishuka, akaingiza mguu, yakamfika gotini. Akarudi akitikisa kichwa.

Basi likatupita. Lenyewe ni la juu. Likaingia kwenye maji polepole, likatoka upande wa pili. Mama alilitazama kupitia kioo, na nyuso za kule nyuma zilimtazama yeye. Ndani yake ilikuwemo siti yake.

Hapo ndipo Bi Mkubwa alipoanza kutetemeka. Degedege. Macho yakageuka, meno yakaumana. Nilimlaza ubavu, nikampa dawa ya kutuliza, nikashika kidevu chake, nikawa naongea upuuzi wote nilioujua: habari za goti langu, habari za mke wangu. Mama alikuwa ameshika mguu wa mtoto kwa mikono miwili. Alisema jambo moja tu, kwa sauti ya chini, tena na tena: "Maji nimemwagia mimi. Maji nimemwagia mimi."

"Dawa nimekupa mimi," nilimwambia. "Mshike hapa, asijigonge."

Degedege likaachia. Akabaki anakoroma. Dereva akapiga kelele, "Mzee, tazama!"

Basi lilikuwa linarudi. Kinyumenyume, ndani ya maji, kondakta ananing'inia mlangoni akielekeza, na watu ndani wanapiga bati kwa viganja. Baadaye dereva wa basi aliniambia kwamba hakuwa na nia hiyo, ana ratiba yake. Ni akina mama walioanza kupiga bati na kumwambia kwamba asiporudi watashukia mtoni.

"Mleteni!" walipiga kelele. "Mjomba, mleteni!"

Niliwaambia inaambukiza. Niliwaambia mara mbili, kwa sauti. Mama mmoja, ambaye mtoto wake nilikuwa nimempima nikamwita mzima, alijibu, "Tumelala naye chumba kimoja, sasa ndiyo unatuambia?" Wakahama wote mbele, wakatuachia benchi la nyuma. Basi likavuka, halikwenda ofisini. Lilikuja moja kwa moja mpaka mlango wa dharura wa hospitali hii, na daktari alikuwa amesimama pale na kitanda.

Wamemwingiza ndani. Mama yuko naye. Basi lilifika ofisini likiwa limechelewa.

Bado hawajatoka kuniambia.

Ijumaa, 28 Machi

Ni uti wa mgongo kweli. Yu hai. Hajaamka.

Jumamosi, 29 Machi

Hajaamka.

Jumatatu, 31 Machi

Bweni lao lote na abiria wote wa basi wamepewa vidonge vya kinga. Nilivigawa mwenyewe, bila utani. Mke wangu ameniuliza kama naumwa.

Jumanne, 1 Aprili

Kafungua macho. Daktari alinipigia simu, nikamwambia Siku ya Wajinga si ya kutania mtu wa presha. Akasema, "Mzee wangu, kafungua macho, kaomba maji." Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Kufuli alikuwa anapita dirishani, nikamwambia. Akaondoa kofia, akaivaa tena, akaondoka. Kumbe lile jiwe nililiweka mimi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua imerudi. Nimeanza kupima kwapani. Nimepata watoto watatu wenye homa, familia tatu zimeshushwa. Mama mmoja alinitemea mate karibu na kiatu. Hakuna aliyetaka kuniua. Watoto walivutwa mikono wakapita. Jioni hakuna aliyekuja zahanati. Wana homa huko ndani, najua, nawasikia wakikohoa nyuma ya mablanketi, na hawaji. Zamani sikujua, na walikuwa wanakuja. Sasa najua, na wananificha.

Nilikwenda kwa Mkuu. Nilimwambia sheria hii ndiyo inayowafundisha kuficha. Akashika kichwa. "Unadhani sijui? Tarehe si zangu, ni za mjini. Nimeandika barua mpaka wino umenichoka."

Jumatano, 9 Aprili

Huruma haikufika mjini, lakini woga umefika. Wale abiria waliotoka hospitali waliingia kwenye vyumba vya mahojiano, wakakaa meza moja na maofisa. Maofisa walipoambiwa nao wameze vidonge, ghafla ofisi nzima imetaka kujua nani anaumwa kabla hajagonga mlango wao. Mkuu alikuwa na barua yake mezani tayari, akaipeleka upya. Imekubaliwa: mtoto akiugua, familia inatunziwa nafasi, inapanda ya kwanza kwenye basi akipona.

Nimezunguka mabweni yote kuwaambia. Wamenisikiliza kwa adabu, vile mtu anavyomsikiliza muuza nguo.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Vichwa vimelowa. Hakuna anayeniamini. Kwapani nimepata wawili, nimewaandikia nafasi zao mbele ya macho yao, na bado mama mmoja alilia kana kwamba nimemfukuza.

Jumamosi, 19 Aprili

Bi Mkubwa amerudi. Amekonda, kola imekuwa pana. Sikio la kushoto halisikii tena, na daktari anasema halitarudi. Mama yake aliniambia hayo akiwa amesimama mlangoni. Nikamwambia zamu yao ni Alhamisi, ya kwanza kabisa.

"Akiwa mzima," alisema.

"Na asipokuwa mzima, Alhamisi inayofuata. Siti haiendi popote."

Akanitazama vile alivyosoma ile chupa, mbele na nyuma.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua iliyonyesha leo ilikuwa ya kuvunja paa. Nilisimama kizingitini na kipimajoto cha kioo, nikiwaona wakija kutoka mabwenini, vichwa wazi, wamelowa kama siku zote, na sikuwa na nguvu hata ya kununa.

Mwishoni mwa uwanja nikaona beseni linatembea. Beseni kubwa la kufulia, limegeuzwa juu chini. Chini yake mama yake Bi Mkubwa, yeye amelowa mpaka mifupa, kichanga kimefungwa ndani ya nailoni, na Bi Mkubwa katikati anatembea polepole mikono nyuma. Wakapita pembeni mwa foleni nzima, maji yakipiga beseni kwa kelele hata watu wakageuka. Walipofika kizingitini mama alilishusha.

"Nimemfunika asilowe," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Hajanywa dawa yoyote. Pima vizuri, Mjomba."

Nywele zilikuwa kavu. Nilipima kwapa moja, nikapima na la pili, kwa woga wangu tu. Mzima. Nikampima na mdogo. Mzima. Nyuma yao mama mmoja akasogea mbele na mvulana wake, akamfuta maji usoni kwa ncha ya nguo.

"Huyu wangu ana joto tangu jana," alisema. "Umesema siti haiendi."

"Haiendi," nilisema, nikaliandika jina lake mbele yake.

Basi lilikuwa linanguruma. Nilikitoa mfukoni kile kidude cha umbo la bastola, nikampa Bi Mkubwa. Alikigeuza mkononi, akanilenga, ti! Nikaanguka pale kwenye maji, na sare yangu safi na presha yangu, mkono nikaunyoosha alivyonifundisha.

Nilifumba macho. Nikasikia viatu vidogo vikija. Nilipofumbua kidogo, kidevu chake kilikuwa kimegusa kifua. Aliinama zaidi, akaweka sikio la kulia, lile zima, juu ya moyo wangu, akasikiliza muda mrefu kuliko daktari yeyote aliyewahi kunipima.

"Huyu mzima, mama," alisema. "Twende."

Mama yake alicheka. Nina deni la soda.